Ukuta wa Kanisa na Ulimi Wangu

Simiti iliyokaribia kuliangusha kanisa letu niliipitisha mimi. Naanza na hilo kwa sababu kwa muda mrefu habari hii nilikuwa naianzia kwingine: mara mvua, mara chumvi ya bahari, mara mafundi wa siku hizi wasiojua kazi. Yote hayo yana ukweli kidogo. Lakini katika kikao cha kamati ya ujenzi mwenyekiti nilikuwa mimi, hoja ilikuwa yangu, na mkono wa kwanza kuinuka ulikuwa huu ninaoandikia.

Kanisa lenyewe liko kati ya Msambweni na Gazi, ukiacha barabara kuu ukaelekea upande wa bahari. Si kanisa kuu. Kanisa kuu liko Mombasa, ng'ambo ya feri, na nilipokuwa na miaka minane au tisa baba alinipeleka kuliona. Baba alikuwa katekista. Alitoka Mkongani akiwa kijana, akaja kufundisha dini huku pwani, akaoa, akabaki. Nakumbuka nilisimama ndani ya lile kanisa kuu, shingo inaniuma kwa kutazama juu, nikaanza kulia. Baba alidhani nimeguswa na Roho Mtakatifu, akafurahi sana. Kumbe nalia kwa wivu. Nililifikiria letu nikaliona kibanda. Kwenye feri, tukirudi, nikamwambia hivyo hivyo bila kuzunguka, naye badala ya kunikaripia akacheka, akasema ngoja tufike nyumbani.

Tulipofika alinipeleka kwenye nguzo. Kanisa letu lina safu mbili za nguzo nene zilizokaribiana mno, hata nusu ya waumini hawamwoni padri. Wanaopenda kusinzia wanajua nguzo zao, na wana ushindani wa kuwahi mapema ambao ungempendeza padri kama angekuwa hajui sababu yake. Sisi watoto tulidhani aliyejenga alikosea hesabu. Baba akanionesha juu, kwenye dari ya pande mbili za kanisa, mahali zilipolazwa boriti za mikoko zilizokatwa Gazi. Akaniambia nitembee chini yake nihesabu hatua. Boriti ya mkoko haiendi mbali, na ukiilazimisha hupinda. Basi mafundi wakasimamisha nguzo pale boriti ilipokoma. Upana wa kanisa letu, akasema baba, uliamuliwa na mti. Juu ya boriti walipanga vipande vya matumbawe, juu ya matumbawe wakamwaga chokaa na kokoto, na wanawake wakaipiga kwa magongo siku kadhaa mpaka ikashikana ikawa jiwe. Kuta nazo ni matumbawe yaliyofungwa kwa chokaa, unene wake ni kama mkono wa mtu mzima kutoka begani hadi kwenye vidole.

Mapadri wa kigeni walikuja na mchoro wa kwao. Mafundi walikuwa watu wa hapa, karibu wote Waislamu, na walipoutazama mchoro wakajenga walichokijua. Tao lililo nyuma ya altare lina ncha juu na maua ya kuchonga ubavuni, na kila Mwislamu anayeingia kwa mara ya kwanza, labda kwa harusi ya jirani au kwa mazishi, hulitazama mara mbili kisha hutabasamu. Ni ndugu yake mihrabu ya msikitini. Baba alilipenda tao lile kuliko kitu chochote humo ndani, na alisema waziwazi kwamba lile la Mombasa ni kubwa lakini halina ujirani kama wetu. Nikaacha wivu siku ile ile.

Humo nilibatizwa. Humo nilifunga ndoa, nikiwa nimevaa gauni nililolishona mwenyewe na kulifumua mara tatu. Jeneza la baba lilipita katikati ya zile nguzo, na miaka mingi baadaye la mume wangu, wachukuzi wakitembea kwa upande kwa sababu nafasi haitoshi. Nalisema hili ili ieleweke nilichokuwa nacho mkononi nilipoharibu.

Mimi ni fundi wa cherehani. Duka langu liko Msambweni, kando ya barabara ya kwenda hospitalini. Nashona sare za shule, magauni ya komunyo, na mavazi ya padri pia. Mtu wa nguo huchukia vumbi. Na kanisa letu lilikuwa na vumbi lake: kila mwaka, wiki chache kabla ya Krismasi, kuta zilipakwa chokaa nje na ndani, na kwa miezi mingi baada ya hapo yeyote aliyeegemea ukuta alitoka na bega jeupe. Suti nyeusi niliyoihangaikia wiki nzima ningeiona ikitoka misani kama imeanguka kwenye gunia la unga. Waumini wa Ukunda, ambako kanisa lao ni la matofali na rangi, walitutania. "Haya, wale wa kanisa kuu wamefika," wangesema tukikutana nao, wakitupangusa mabega. Nilicheka nao, lakini yaliniingia.

Kazi ile ya kupaka chokaa haikuwa ya kwetu Wakristo. Ilikuwa ya jirani zetu, familia moja ya Kiislamu iliyokaa nyuma ya ukuta wa kanisa tangu zamani. Babu yao alikuwa mchoma chokaa, na inasemekana tanuu lake ndilo lililotoa chokaa ya kujengea. Hakuna mkataba ulioandikwa. Mwaka ukifika mwisho, walikuja na brashi zao za makumbi ya nazi, wakapaka, na siku ya Krismasi sisi tuliwapelekea mchele, mbuzi, na leso mpya kwa mama wa nyumba. Iddi ikifika, wao walituletea sahani. Wakati ninaouzungumzia, aliyekuwa anaisimamia kazi hiyo ni binti wa mchoma chokaa wa mwisho, mama mtu mzima, mfupi, mwenye sauti ya kupasua nazi. Asubuhi alipika mahamri na mbaazi, na jioni alikaa barazani akikosoa kila mtu anayepita. Watu wote walimwita Bi Mkubwa.

Basi tukapata habari kwamba askofu atakuja kwetu kwa jubilei ya parokia. Nikaitisha kikao. Nikasema aibu ya mabega meupe imetosha. Tupige plasta ya simiti kuta zote, nje na ndani, tupake na rangi ya mafuta, mambo yaishe. Hakuna aliyebisha. Wengine walipiga makofi. Tulidhani tunaliongezea kanisa miaka.

Siku ya kwanza ya kazi, mchanga umekwisha mwagwa uani, Bi Mkubwa alikuja. Alisimama mbele ya ukuta akaugusa, akatazama simiti inavyochanganywa, akanijia.

"Mwanangu," akasema, "ukuta huu wanywa maji kutoka chini, na watoa maji kwa nje. Hii chokaa ndiyo njia yake. Ukiuziba, maji yatakwenda wapi?"

Nilikuwa na haraka, jua kali, mafundi wameniudhi tangu asubuhi. Na nikadhani, Mungu anisamehe, kwamba analilia mchele wake na leso yake. Nikamjibu mbele ya watu: "Bi Mkubwa, haya ni mambo ya kanisa. Wewe nenda katengeneze msikiti wenu."

Huku kwetu maneno ya namna hiyo hayasemwi. Mtu anaweza kumtukana jirani juu ya mbuzi aliyekula mihogo, lakini mlango wa dini ya mwenzako haubishwi kwa teke. Yeye alijifunga leso yake vizuri, akaondoka. Mafundi wakainama kwenye karai zao, na mimi nikaendelea kupaza sauti juu ya mchanga.

Askofu alikuja, kanisa linang'aa kama sahani. Alilisifu. Krismasi ile hakuna aliyekuja kupaka, na sisi hatukupeleka mchele.

Mvua za mwaka wa kwanza hazikuonesha kitu. Mwaka wa pili rangi ikaanza kufura, malengelenge makubwa makubwa, ukiyatoboa yanatoka maji na chumvi nyeupe. Tukakwangua, tukapaka tena. Mwaka uliofuata ikaja harufu, ile ya nguo iliyosahauliwa ndani ya beseni. Kisha, Jumapili moja ya mvua za vuli, wakati wa matoleo, kipande cha plasta ukubwa wa mlango kiliachia ukutani upande wa kwaya kikaanguka. Wanakwaya walikuwa wamesimama mbele wakiongoza maandamano ya sadaka, kwa hiyo hakuna aliyeumia. Kinanda chao kilisagika. Na pale plasta ilipotoka tuliona matumbawe yenyewe yamelainika. Ukiyasugua kwa kidole yanabaki mkononi.

Paroko wetu ni kijana kutoka bara, mtu mpole, hakuwapo wakati wa simiti. Alileta injinia. Injinia naye kijana, mwenye adabu, alizunguka na nyundo ndogo akigonga na kusikiliza, siku nzima. Mwishoni akaja kwangu kwa kuwa mimi ndiye mwenyekiti.

"Pole, mama," akasema. "Hii jengo imechoka. Hata mkirudishia plasta itaanguka tu. Heri mbomoe, mjenge mpya."

Haikupita wiki nyingi barua ya askofu ikasomwa. Kanisa litabomolewa baada ya masika. Mchoro wa jipya ulibandikwa mlangoni: ukumbi mpana, mabati ya rangi, vigae, hakuna nguzo hata moja. Vijana walifurahi, na siwalaumu. Mtu mmoja alisema hatimaye atamwona padri anayemsikia tangu utotoni. Mimi nilisimama mbele ya ule mchoro nikazitafuta nguzo zetu. Nilikuwa nalibomoa kanisa la baba yangu, kwa simiti yangu, na hakuna aliyejua kwamba nilikuwa nimeonywa isipokuwa mafundi wawili wa Lungalunga ambao walishakwenda zao, na Bi Mkubwa.

Nilinyamaza siku kumi na kitu. Paroko aliuliza kwenye kikao kama kuna anayejua ukuta huu ulianza lini kuharibika, na mwenyekiti akaandika jibu la wengine kwenye daftari: mvua. Nilishona vibaya siku zile. Nilikata suruali ya mteja, miguu yote miwili ya kushoto. Siku niliyoikata hiyo suruali nilifunga duka, nikaenda barazani kwa Bi Mkubwa.

"Hodi."

"Karibu."

"Shikamoo, Bi Mkubwa."

"Marahaba. Wataka mahamri? Yamekwisha."

Nikamwambia sikuja kwa mahamri. Nikamwambia yale maneno niliyomwambia siku ile yalikuwa mabaya na kwamba nimekuja kuomba radhi. Alikuwa anachambua mbaazi kwenye ungo, na mkono wake haukusimama. Nikaendelea, nikamweleza barua ya askofu, nikamwuliza kama ukuta ule bado una dawa.

"Dawa ipo," akasema. "Lakini mimi hapo siingii hivi hivi. Wewe ulin'tukana mbele ya watu, na waja kunitaka radhi hapa peke yetu, mimi na wewe na mbaazi?"

"Wataka nifanye nini, mama?"

"Waambie watu wako kuwa n'likwambia. Hayo tu. Ukishawaambia, nitakuja niutazame."

Niliondoka nimekasirika. Naona haya kuliandika hili, lakini ndivyo nilivyo; nikiwa na makosa hasira yangu huja mara mbili. Njia nzima nilibishana naye kichwani. Nilipofika nyumbani nilikuwa nimeshindwa.

Jumapili, baada ya matangazo ya ndoa, nilimwomba paroko nafasi. Nilisimama pale mbele, nikasema kwamba plasta ile ilikuwa wazo langu, kwamba siku ya kwanza jirani yetu alikuja akanieleza itakavyokuwa, na imekuwa vivyo hivyo, na kwamba nilimfukuza kwa maneno yasiyofaa, nikayarudia hayo maneno jinsi yalivyokuwa. Nikasema naacha uenyekiti. Mtu wa kwaya akauliza kutoka nyuma ya nguzo, "Na kinanda chetu?" Watu wakacheka, na mimi nikacheka huku machozi yananitoka, na kwa mara ya kwanza tangu vuli nikalala vizuri.

Kesho yake Bi Mkubwa alikuja, hajaitwa. Alipita ukuta kwa ukuta akigusa kwa kiganja. Alipomaliza alimwambia paroko kwamba simiti yote itoke, nje na ndani, kabla jua la kaskazi halijapoteza nguvu. Paroko akamwandikia askofu kuomba tu kwamba tuachiwe kujaribu hadi mwisho wa masika, kwa kuwa hata hivyo hakuna kitakachobomolewa kabla ya hapo. Askofu akakubali.

Januari tukaanza kuchimbua. Tindo na nyundo, wanaume kwa wanawake, kila asubuhi. Simiti ilitoka kwa vipande, na nyuma yake ukuta ulikuwa umelowa chapachapa. Mikono yangu ya cherehani ilivimba, nikashindwa kutia uzi sindanoni. Watu hawakunisema. Pengine walinionea huruma kuniona ninavyopiga tindo kama nina ugomvi nalo.

Ukuta ulipobaki mtupu nilimwuliza Bi Mkubwa tupake nini sasa.

"Hatupaki kitu. Uacheni."

"Mpaka lini?"

"Mpaka ukauke."

Hiyo ndiyo iliyonishinda kuliko tindo. Kazi ninaijua, kungoja sikujui. Kila asubuhi kabla ya kufungua duka nilipita kanisani nikaweka kiganja ukutani. Siku moja alinikuta nimeuegemezea shavu. "Mwache mgonjwa apumzike," akasema, "hata homa hana." Akaenda zake akicheka, na nikamsikia anaisimulia habari hiyo kwa kila aliyenunua mahamri.

Muda huo wa kungoja ndio aliotumia kutengeneza chokaa. Wapwa zake wawili walikusanya mabaki ya mawe ya matumbawe kwenye machimbo ya upande wa Diani, wakajenga tanuu nyuma ya nyumba yao: makumbi, mivinje mikavu, mawe, tena makumbi. Zamani wangechoma kwa mikoko. Siku hizi watu wa Gazi wanailinda mikoko yao, wanaipanda kwa mikono, na mwanamke mmoja wa huko, mteja wangu, alikuja kabisa kuchungulia kama hakuna mkoko hata mmoja mle ndani. Hakuupata. Alikaa akala mbaazi. Mawe yalipoiva yalizimwa, yaani yalitiwa ndani ya shimo la maji, nayo maji yakachemka bila moto, yakipiga kelele. Kisha shimo likafunikwa magunia mabichi, likaachwa wiki nyingi, kwa sababu chokaa changa inakula mikono na haishiki.

Mwezi wa tatu, ukuta umekauka hata ukigonga unatoa sauti, tulianza na dari ya sakristia, chumba anamovalia padri, maana ilikuwa inavuja. Hapo ndipo nilipoona kile baba alichokuwa ananisimulia. Bi Mkubwa aliwaita wanawake wa kwao, mimi nikawaita wa kwetu. Tulipanda juu kwa ngazi, tumejifunga leso, kila mmoja na gongo lake lililochongwa bapa. Chokaa na kokoto zikamwagwa, tukakaa safu mbili tukitazamana, tukaanza kupiga. Si kwa nguvu. Kidogo kidogo, mahali pamoja, pamoja, na mkono haufuati mwenzake bila wimbo. Bi Mkubwa ndiye aliyeanzisha nyimbo. Alizijua kutoka utotoni mwake, alipokuwa anakaa kando ya mama yake juu ya dari za watu, na zilikuwa nyimbo za kumfunda bibi harusi. Zile zenyewe, ambazo haziimbwi mbele ya wanaume.

Siku ya pili paroko alisimama chini, akasikiliza sana.

"Mama, hizi nyimbo nzuri sana. Zinasema nini?"

Wanawake wote wakanitazama mimi. "Ni mawaidha, Baba Paroko," nikasema. "Ya subira katika nyumba."

"Vizuri sana," akasema. "Tungeweza kuzitumia misani." Magongo yakaanguka. Kuna mama mmoja wa kwaya aliyelala chali juu ya dari akashindwa kuinuka kwa kicheko, na kazi ikasimama mpaka adhuhuri.

Tulipiga siku tatu. Baada ya dari zikaja kuta, chokaa nyembamba tabaka juu ya tabaka, na mwisho ule weupe wa zamani. Tulimaliza mawingu ya masika yameshajikusanya.

Mvua ile ilinitia hofu ambayo sijawahi kuiona kwa mvua. Ilipiga ukuta wa upande wa bahari siku nne mfululizo. Nilikuwa naacha cherehani mchana nakwenda kukaa ndani ya kanisa, rozari mkononi, macho ukutani. Nje ukuta uligeuka rangi, ukawa wa kijivu kutoka chini hadi usawa wa dirisha. Nikasema basi, yamekwisha. Siku ya tano jua likatoka. Nilikwenda saa tatu ukiwa wa kijivu, nikaenda saa nane kijivu kimeshuka hadi magotini, na kesho yake ukuta wote ulikuwa mweupe. Ndani haukuingia hata unyevu wa kulowesha kitambaa. Nilikimbia hadi barazani kwa Bi Mkubwa, mwanamke wa umri wangu, nikikimbia na viatu mkononi. Alikuwa ameshajua. Alisema kwa upole ambao sikuuzoea kwake, "Alhamdulillahi," akanipa hamri.

Mwezi wa saba injinia alirudi. Safari hii alikuwa na kidude cha kupimia unyevu, akakitia huku na huku, akagonga na nyundo yake, akapanda juu ya sakristia akarukaruka. Aliniomba nimweleze tulichofanya, na nilipomweleza alitoa daftari akaandika, akanirudisha nyuma mara mbili kwenye habari ya shimo la chokaa.

Jumapili ya pili baada ya hapo paroko alisoma barua. Kanisa halitabomolewa. Mchoro wa jipya unawekwa kando. Makofi yalikatika pale alipofika kwenye sharti: jengo la namna hii halijitunzi, kwa hiyo parokia itaje mtu mmoja atakayesimamia chokaa kila mwaka na kuwajibika kwa askofu. Mwaka usiopakwa, shauri la kubomoa litafunguliwa tena. Paroko akakunja barua, akauliza ni nani.

Watu wote walimwangalia Bi Mkubwa. Alikuwa amealikwa kusikia barua, na alikaa kwenye kiti karibu na mlango wa pembeni, amejitanda buibui lake. Akasema magoti yake hayapandi tena ngazi. Paroko akamwuliza, basi, yeye anamtaja nani.

Alininyooshea kidole mimi.

Mzee mmoja wa kanisa alisimama, akasema kwa adabu zote, "Samahani, Bi Mkubwa. Huyu si ndiye aliyeleta simiti?"

"Ndiye," akasema. "Nyinyi wengine bado hamjaiogopa simiti. Huyu ameiogopa."

Nililia mbele ya watu wote, mimi niliyejikaza hata kwenye mazishi ya mume wangu. Nilipoweza kusema nilisema ndiyo, nitaifanya, kisha nikamgeukia nikamwuliza tuanze lini. Akasema chokaa ya Krismasi huzimwa sasa, kwa hivyo kesho asubuhi, jua halijawa kali, na nije na ndoo yangu mwenyewe.